Saa ya mbizi ya pumzi moja: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuipanga

Kijana akiniletea saa yake niitazame, kitu cha kwanza anachonionyesha ni namba iliyochongwa mgongoni: mita 100, mita 200. Mimi huigeuza nikautazama uso wake, kisha namuuliza: "Mwanangu, ukiibuka sasa hivi, maji yanakuchuruzika machoni, kifua kinapanda na kushuka, hii itakuonyesha nini bila kubonyeza kitufe?" Wengi hawana jibu. Wengine hubonyeza mara tatu, mara nne, mwisho wananionyesha kwamba ni saa nne na dakika kumi asubuhi.

Ninayoitafuta ni namba moja: umekaa juu kwa muda gani tangu uibuke. Kina hata kamba iliyofungwa mafundo itakwambia. Muda wa chini, mwenzako aliye juu anaweza kukuhesabia. Lakini muda wa kupumzika ndio mtu anaojidanganya nao kila siku, kwa sababu anajisikia mzima na samaki wako palepale. Saa inayokuonyesha muda huo vizuri nitaisifu hata kama ni ya bei ndogo. Inayouficha nyuma ya menyu, hata ikiwa ya titani, sitaivaa.

Nikisema mzamiaji hapa simaanishi yule wa bandarini anayejificha kwenye meli ya watu akitafuta maisha ng'ambo. Namsema anayejaza kifua mara moja, akashuka bila mtungi wa hewa, akarudi na pumzi ileile. Wavuvi wa pweza na majongoo ya bahari wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Siku hizi wameongezeka watu wa mchezo, wenye mapezi marefu na kamba iliyoning'inia kwenye boya.

Hatua ya 1: Ujue saa inapima nini

Mabaharia wa zamani walikuwa na bildi, kipande cha risasi kwenye ncha ya kamba. Kinashushwa mpaka kigonge chini, halafu kamba inahesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Saa haina kamba. Ndani yake mna kihisi cha shinikizo. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bar 1, na saa hugeuza shinikizo hilo kuwa mita. Mapambo mengine yote, kengele, michoro, kumbukumbu, yanatokana na vitu viwili tu: shinikizo na muda.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza la wanunuzi. Kompyuta ya mzamiaji wa mtungi, yaani saa yake ya kupimia kina na muda, imetengenezwa kwa mtu anayeshuka taratibu, akakaa chini dakika 40. Nyingi huandika kina kwenye kumbukumbu kila baada ya sekunde 10, 20 au hata 30. Sisi tunashuka karibu mita 1 kwa sekunde. Mbizi ya mita 20 huisha ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo saa inayoandika kila sekunde 20 itakuachia nukta tatu. Huwezi kujifunza chochote kwa nukta tatu.

Kuna kero nyingine. Mzamiaji wa mtungi hufundishwa kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 au 10 kwa dakika. Wewe unapanda karibu mita 60 kwa dakika. Ukivaa kompyuta iliyo kwenye hali ya mtungi, itakupigia kelele njia nzima ya kurudi, na baadhi yake zikiona umevunja masharti yao hujifunga na kukataa kufanya kazi kwa saa nyingi.

Kwa hiyo sharti la kwanza dukani: fungua menyu utafute hali ya mbizi ya pumzi moja. Itaandikwa Free, au Apnea, kutegemea kampuni. Halafu uliza inaandika kina kila baada ya sekunde ngapi. Sekunde 1 ndiyo tunayoitaka. Mbili zinavumilika. Kama haina hali hiyo, irudishe kabatini bila majadiliano.

Hatua ya 2: Isome vizuri namba ya mgongoni

Saa ya kawaida iliyoandikwa "50M" au "5 ATM" haikuahidi kwamba utashuka nayo mita 50. Ule ni mtihani wa kiwandani, chini ya kanuni ya kimataifa ya ISO 22810, nayo ni saa ya kunawia mikono na kuogelea. Saa za wazamiaji zina kanuni yake kali zaidi, ISO 6425, inayotaka saa ijaribiwe kwa shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa. Na chombo kinachodai kupima kina huwa na alama ya kanuni ya Ulaya, EN 13319. Ukiiona hiyo kwenye karatasi ya maelezo, uko kwenye kabati sahihi.

Usiishie kwenye namba kubwa ya jalada. Apple Watch Ultra iliyotoka 2022 imeandikwa kwamba inahimili mita 100 za maji, lakini kwa mbizi imewekewa kikomo cha mita 40, na chini ya hapo haikuhesabii kina. Mtu wa mita 15 hana shida nayo. Mtu anayefanya mazoezi ya kamba na anaongeza mita kila mwezi, siku moja ataikuta imenyamaza.

Kwa upande mwingine, usilipie kina usichokifika. Herbert Nitsch wa Austria alishuka mita 214 huko Spetses, Ugiriki, mwaka 2007, akivutwa na kigari chenye uzito. Hata saa ya mita 200 ingekuwa ndogo kwake. Wewe unayeanza na mita 12, saa ya mita 100 itakutosha mpaka uzeeke.

Hatua ya 3: Ichunguze inavyohesabu muda wa juu

Hapa usiwe na haraka.

Kanuni ya chini kabisa inayofundishwa ni kwamba upumzike juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Ulikaa dakika 1 na sekunde 10? Usishuke tena kabla ya dakika 2 na sekunde 20. Kwa mbizi za kina kirefu kuna hesabu nyingine ya mkononi: gawa mita kwa 5 upate dakika. Mita 30 ni dakika 6. Ukipata majibu mawili, fuata lililo refu. Mimi kwa kazi ya kawaida ya mita 10 hadi 15 sishuki kabla ya dakika 3, hata kama nilikaa chini sekunde 40 tu.

Kwa nini saa, kwani mwili hausemi? Mwili unasema, lakini vibaya. Kinachokufanya uhema na kutamani hewa ni kaboni dayoksaidi. Hiyo ukiipuliza kwa nguvu inashuka upesi, ukajisikia mwepesi na tayari kushuka. Oksijeni uliyotumia, uchovu wa misuli na naitrojeni iliyoingia kwenye damu havikupigii kelele hata kidogo.

Naitrojeni hiyo si hadithi ya watu wa mtungi peke yao. Wazamiaji wa lulu wa visiwa vya Tuamotu, katika Bahari ya Pasifiki, walikuwa wakishuka mita 30 na zaidi mara nyingi kwa siku, wakipumzika dakika chache tu kati ya mbizi moja na nyingine. Wengine walirudi na kizunguzungu, kichefuchefu, viungo vimepooza, na wengine hawakurudi. Wenyewe waliuita ugonjwa huo taravana, yaani kuanguka kwa wazimu. Mtaalamu wa uzamiaji, E. R. Cross, aliuandika mwaka 1965, na akaeleza kuwa wazamiaji wa kisiwa cha Mangareva, waliofanya kazi ileile, walikuwa na desturi ya kukaa juu dakika 12 hadi 15, na ugonjwa huo haukuwapata. Kina kilekile, lulu zilezile, tofauti ikawa ni kusubiri. Mwaka huohuo wa 1965 daktari wa Denmark, Paulev, alieleza yaliyompata yeye mwenyewe baada ya kurudia mbizi za pumzi moja kwenye bwawa la kina kirefu la mazoezi ya wanamaji wa manowari.

Sasa chukua saa mkononi uipitishe kwenye maswali haya.

Je, hesabu ya muda wa juu inaanza yenyewe ukiibuka? Lazima. Ukitakiwa kubonyeza, ipo siku utasahau, na siku hiyo ndiyo utakayokuwa umechoka zaidi.

Namba yake ni kubwa, yenye dakika na sekunde, na inaonekana bila kugusa chochote? Nyoosha mkono, ikodolee macho ukiwa umevaa miwani ya kuzamia. Ukisoma kwa shida dukani, kwenye mawimbi hutasoma kabisa.

Muda wa mbizi iliyopita uko kwenye ukurasa huohuo? Hili wengi hawaliulizi. Ili kuzidisha kwa mbili unahitaji kuona namba zote mbili pamoja. Kukumbuka kichwani ukiwa na pumzi fupi ni kubahatisha.

Unaweza kuiwekea kengele ya muda wa juu? Iwe inalia au inatetema dakika 2, 3 au 5 baada ya kuibuka, upendavyo.

La mwisho ni la ujanja kidogo: je, inachanganywa na mawimbi? Kila saa ina kina inachoanzia kuhesabu mbizi, kwa kawaida mita 1 hadi 1.5. Kikiwa kidogo mno, ukichungulia tu chini huku unapumua kwa mrija, au wimbi likikufunika mkono, saa inadhani umeshuka na kuanza upya hesabu ya kupumzika. Utakuta imekuandikia "sekunde 20" wakati umekaa dakika nne, na baada ya mara tatu hutaiamini tena. Saa zinazokuruhusu kubadili kina hicho zina thamani kubwa kwenye bahari yetu wakati wa kusi.

Hatua ya 4: Kengele

Ukishuka kichwa chini hutakiwi kuitazama saa. Ukiinua mkono unavunja mstari wa mwili, na ukikunja shingo kutafuta kioo unajibana koo wakati unalihitaji kusawazisha masikio. Kwa hiyo kengele ndizo zitakazokusomea kina. Tafuta saa inayokubali angalau kengele tatu za kina na moja ya muda, na uweze kuzima usizozitaka.

Mlio au mtetemo? Kama una kofia nene ya mpira, mlio wa saa iliyoko kifundoni unaweza usiusikie. Wapo washindani wanaoivua mkononi na kuichomeka kwenye kofia, karibu na sikio. Kwenye maji yetu ya nyuzi 25 hadi 29 wengi hatuvai kofia, na mlio unasikika vizuri. Mtetemo ni mzuri kwa aliyevaa saa juu ya ngozi, lakini juu ya suti ya milimita 5 utaupata kama mbu aliyetua kwenye gunia. Saa yenye vyote viwili ndiyo bora, ila usiiongezee bei kubwa kwa sababu hiyo peke yake.

Baadhi ya saa zina hali ya uwindaji, inayozima milio ya kuanza na kumaliza mbizi ili samaki wasishtuke. Garmin wanaiita Apnea Hunt. Huku kwetu bunduki za mishale za chini ya maji zimepigwa marufuku Kenya na Tanzania, kwa hiyo usivutwe nayo.

Hatua ya 5: Kioo, mkanda, betri

Kioo: cha namba nyeusi kwenye kijivu, chenye taa, kinasomeka vizuri kwenye jua letu la saa sita. Vioo vya rangi vinapendeza na vinasaidia maji yakiwa na giza, lakini vinakula chaji.

Mkanda unataka maneno mengi kuliko kioo. Ukishuka, suti ya mpira hubanwa na shinikizo ikawa nyembamba, na saa iliyokaza ukiwa juu hulegea kule chini. Mkanda wa silikoni unaovutika hufuata mkono. Mkanda wa chuma, hapana. Angalia pia unavyoshikwa: kwenye saa nyingi ni kwa vijiti viwili vidogo vya springi, na kijiti kimoja kikikatika saa inakwenda. Yangu ya kwanza ilikwenda hivyo, upande wa mashariki wa Unguja, nilipokuwa napanda ngalawani nikaukwaruza mkono kwenye ubao. Niliiona ikishuka inang'aa kama dagaa, nami sikuwa na pumzi ya kuifuata. Tangu hapo natumia mkanda mmoja mrefu wa nailoni unaopita chini ya saa, ukiwa umeshikwa na vijiti vyote viwili. Kimoja kikikatika, cha pili kinabaki nayo.

Betri ni suala la unakoishi. Betri ya kidonge hudumu miezi mingi na hainyanyaswi na umeme unaokatika kisiwani. Saa za kuchaji, hasa zenye GPS na kioo cha rangi, zinahitaji chaja yake maalumu, na ukiipoteza umekwama mpaka uagize nyingine. Mtu anayelala dago, kambi ya wavuvi, siku nne namshauri betri ya kidonge bila kusita. Lakini uliza: naweza kuibadili mwenyewe, kwa mfuniko unaofunguka na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ya akiba, au lazima irudishwe kwa wakala? Fundi saa wa mtaani ataifungua kwa dakika mbili, lakini hana chombo cha kuipima kwa shinikizo baada ya kuifunga, na wewe ndiye utakayekuwa chombo chenyewe.

Hatua ya 6: Linganisha na mfuko wako

Bei hubadilika, na usafirishaji na ushuru hukaa juu yake, kwa hiyo zichukue hizi kama ngazi tu.

Ngazi ya kwanza, takriban dola 200 hadi 400, ni saa zilizotengenezwa kwa pumzi moja hasa, kama Cressi Nepto na Mares Smart Apnea. Suunto D4i ni ya zamani, lakini bado wengi wanaivaa na hupatikana kwa mtumba. Hazina mbwembwe. Ngazi ya kati ni saa zinazochanganya mtungi na pumzi moja, kama Suunto D5 na Garmin Descent G1. Zinamfaa mwalimu au kiongozi wa watalii anayefanya zote mbili. Juu kabisa, kuanzia dola elfu moja hivi, ziko Garmin Descent Mk3 na Shearwater Teric, vyombo vizuri sana, ambavyo mpiga mbizi wa pumzi moja atatumia robo yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni ngazi ya kwanza. Kinachobaki kinunue boya, kamba nzuri, na siku mbili tatu za mafunzo na mwalimu mwenye cheti. Kipimo cha mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono usikihesabu kama sababu: chini ya maji, damu ikiwa imekimbia mikononi kwenda kifuani, namba zake haziaminiki.

Hatua ya 7: Ukinunua ya mtumba, ijaribu kabla ya kulipa

Chukua kopo la plastiki laini lenye mdomo mpana, lijaze maji mpaka juu, tumbukiza saa ikiwa kwenye hali ya pumzi moja, funga mfuniko kabisa, halafu likamue kwa mikono miwili. Shinikizo la ndani litapanda na saa inapaswa kuonyesha mita moja, mbili au zaidi, na kurudi sifuri ukiachia. Jaribio hili halithibitishi usahihi. Linaonyesha tu kama kihisi kiko hai, kama saa inaamka yenyewe, na kama hesabu ya juu inaanza ukiachia.

Saa ikiwa nchi kavu isome sifuri. Tazama kioo kwa ukungu wa ndani, hasa ukiitoa kwenye jua na kuitia kwenye maji baridi. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Kinachonata kina chumvi. Fungua kumbukumbu uone mbizi za mwenye saa: michoro laini inayoshuka na kupanda ni dalili nzuri, ila mistari inayorukaruka kutoka mita 8 kwenda 3 kwenda 9 ni kihisi kinachokufa. Muuzaji akikuambia "hiyo ni mkondo tu, kaka," mwachie saa yake.

Hatua ya 8: Ipime kwa kamba

Hata mpya ipime. Chagua siku ya maji mafu, mkondo ukiwa umelala. Chukua kamba isiyovutika, iloweshe kwanza, ipime kwa futi ya fundi ukiweka alama kila mita 5. Funga risasi ya kilo kadhaa chini, boya juu. Kamba lazima isimame wima. Ikilala kwa nyuzi 30, alama ya mita 20 iko kwenye kina cha mita 17 na kidogo, nawe utailaumu saa bure.

Huna haja ya kushuka nayo mara ya kwanza. Ifunge kwenye kamba kwenye alama ya mita 10, ishushe, ivute, soma kina kirefu kabisa ilichoandika. Fanya vivyo kwa 15 na 20. Tofauti ya nusu mita isikusumbue, kwani mawimbi nayo yamo. Ikikosea mita 2 kwa 20, irudishe.

Hatua ya 9: Ipange

Nikupe mfano wa mtu ambaye mita 20 anazifika kwa raha, bila kulazimisha. Kengele ya kwanza naiweka mita 10, ajue mwili unaanza kuzama wenyewe na apunguze kupiga mapezi. Ya pili mita 17, ajiandae kugeuka. Ya tatu mita 20, ageuke, hakuna mjadala. Kengele ya muda, dakika 1 na sekunde 10: ikilia akiwa bado chini, mbizi imeharibika na anapanda. Kengele ya juu, dakika 4. Hali ya maji iwe ya bahari. Taa iwake, milio ya simu na ujumbe izimwe yote. Sioni sababu ya mtu kusoma meseji kwenye mita 14.

Anayezamia mwambani badala ya kambani akumbuke maji kujaa na kupwa. Kwenye bamvua, bahari ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Mwamba uliouacha asubuhi ukiwa na mita 14 unaweza kuukuta na 17 maji yakijaa, pweza yuleyule, tundu lilelile, ila safari ya kurudi imerefuka. Kengele yako ya kina ifuate uwezo wako, usiiburute kila siku kufuata mwamba.

Anayezamia ziwani ana mambo mawili zaidi. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo badili hali ya maji kwenye menyu, la sivyo kina kitasomeka pungufu kidogo. Na Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Saa nyingi hujirekebisha zenyewe, chache hutaka uziambie. Hakikisha inasoma sifuri ukiwa ufukweni Kigoma kabla hujaingia.

Kama unazamia pia kwa mtungi, usichanganye siku. Baada ya mtungi mwili bado umebeba naitrojeni, na mbizi za kasi za pumzi moja juu yake ni kutafuta maradhi. Subiri mpaka kesho yake, na baadhi ya saa hizi zitakukatalia kwa makusudi.

Hatua ya 10: Itunze

Ukitoka baharini iloweshe kwenye maji yasiyo na chumvi kwa muda, ukibonyezabonyeza vitufe ndani ya maji hayo kama maelezo yake yanaruhusu. Matundu ya kihisi yakiziba kwa mchanga au chumvi usichokoe kwa sindano. Loweka tena, rudia. Mafuta ya jua na dawa ya mbu huharibu plastiki na kufunika vile vichuma vidogo vinavyoiamsha saa ikigusa maji, kwa hiyo nawa mikono kwanza. Isikaushwe juani wala kuachwa kwenye dashibodi ya gari. Ukibadili betri, badili na oringi, uipake grisi ya silikoni kidogo tu, iking'aa imetosha.

Hatua ya 11: Mwonyeshe aliye juu

Katika Ghuba ya Uajemi, enzi za lulu, ambako watu wengi waliochukuliwa kutoka pwani yetu walifanyishwa kazi ya kuzamia, kila mzamiaji alikuwa na mtu wake juu ya jahazi, saibu, aliyeshika kamba. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, na alipotikisa kamba saibu alimvuta. Saa haivuti mtu. Wengi wanaozimia huzimia wakiwa mita za mwisho za kupanda, au juu kabisa baada ya kuvuta pumzi ya kwanza, wakati kengele zote zimeshalia na kunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kuingia majini, mpe mwenzako aisome saa yako. Aseme kwa sauti: kina cha leo mita 20, muda dakika 1 na 10. Naye aweke saa yake vilevile. Mmoja akishuka, mwingine yuko juu, anahesabu, na anashuka kumpokea kwenye mita 8 au 10. Ukiibuka, hakuachi macho kwa sekunde 30. Ukilegea, anakushika kidevu kichwa kiwe nje ya maji, anakuvua miwani, anakupuliza usoni, anakuita jina lako. Ukiwa mzima, mnaziangalia saa zote mbili, na zamu yake haianzi kabla namba yako ya juu haijafika mliyokubaliana, kwa sababu mlinzi mwenye pumzi fupi hawezi kushuka kumchukua mtu.